Muulizeni Mwenye Tumbo

Dafroza mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya na najua hutarudi mapema, kwa hiyo nimesukuma cherehani pembeni nikakaa hapa barazani niandike wakati jua bado lipo. Mambo ya sweta, chaja na chakula cha safari yako ya kwenda kupasuliwa Mwanza nimemwachia baba yako. Tangu asubuhi anafunga na kufungua lile begi kama vile anayelazwa ni yeye. Mimi nina jambo moja tu.

Jumapili tulipokuwa tunamenya mihogo uliniuliza, bila kuniangalia, "Mama, nikiamka nikakuta kizazi hakipo?" Nikakujibu upesi, "Acha kuwaza mabaya, menya mihogo." Ukamenya. Lile halikuwa jibu. Swali kama lako linataka mtu akae kitako, na mimi kwa mdomo huwa nakimbilia utani au nakimbilia kulia. Kwa kalamu natulia kidogo. Basi nakujibu sasa, ila itabidi nianzie kwenye tumbo langu mwenyewe, maana habari zake umezisikia vipande vipande, na vipande vingine umesimuliwa na shangazi zako ambao hawakuwepo.

Maumivu yangu yalianza nikiwa darasa la saba kule Titye. Tulikuwa tunapalilia maharage, mama yangu mbele, mimi nyuma, nikahisi kama mtu ameyashika matumbo yangu anayakamua kama nguo iliyofuliwa. Nikakaa chini kwenye tuta. Mama akageuka, akaona damu kwenye gauni, akaelewa nusu ya jambo. Akanifunga kitenge chake kiunoni akaniambia, "Ihangane." Unalijua neno hilo la kwetu: vumilia, jikaze, pole, yote kwa mara moja. Sikumlaumu na simlaumu leo. Ndilo neno alilokuwa nalo.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuuogopa mwezi unaokuja. Walionizunguka walisema ni chango, nikanywa mizizi ya kuchemsha mpaka ulimi ukafa ganzi. Wengine walisema nikizaa yatakwisha. Nikaolewa Kumsenga na baba yako, kijana mrina asali aliyekuwa anakaa porini na mizinga yake zaidi kuliko nyumbani, na maumivu hayakwisha wala mtoto hakuja. Ikafika mahali naumwa hata siku zisizo za hedhi. Nikienda choo kikubwa nauma meno. Na yale ya mume na mke, ambayo mama hamwandikii binti yake lakini mimi nakuandikia kwa sababu daktari atakuuliza na wewe siku moja, nayo yalikuwa maumivu. Nilinyamaza. Nilidhani wanawake wote wako hivyo, na kwamba wenzangu wana moyo mgumu kunishinda. Kunyamaza huko kulinila ujana wangu. Siku hizi nikisikia mtu anasifiwa kwamba ni mvumilivu, huwa nauliza kwanza anavumilia nini.

Aliyenitoa hapo ni daktari mmoja mwanamke aliyekuwa akija Kibondo mara moja moja kuwaona akina mama. Mimi nilikwenda kwa ajili ya kutozaa tu. Wote niliowaona kabla yake walianza na habari za watoto. Yeye aliweka kalamu chini akaniuliza, "Ukiwa kwenye siku zako unaweza kufanya kazi?"

"Mwanzoni hapana," nikasema. "Nalala sakafuni. Saruji ina ubaridi, inanisaidia."

"Na ukienda choo kikubwa?"

Nikainamisha kichwa. "Umejuaje?"

"Sijui, ndiyo maana nakuuliza. Endelea."

Nikaendelea mpaka watu wa foleni wakaanza kugonga mlango. Alinipima kwa utrasaundi akakuta uvimbe kwenye vifuko vyote viwili vya mayai, wa kulia mkubwa kama chungwa. Akanichorea picha kwenye boksi la glavu. Akasema ndani ya kizazi kuna utando wa nyama laini unaotoka na damu kila mwezi, na kwa baadhi ya wanawake nyama zinazofanana na hizo huota nje ya kizazi, kwenye vifuko vya mayai, nyuma ya kizazi, hata juu ya utumbo na kibofu. Mwezi ukifika nazo zinavimba na kuvuja, lakini zile za ndani zina mlango wa kutokea na hizi hazina. Damu inabaki humo, inachubua, inaacha makovu, na makovu yanagandisha viungo vilivyotakiwa kuachana. Ndiyo endometriosisi hiyo, ambayo wewe umeisoma kwenye simu mpaka ukakosa usingizi. "Hujarogwa," akaniambia, "na hujidekezi." Nililia pale pale, na nilipotoka foleni nzima ilidhani nimeambiwa nakufa.

Akaniandikia rufaa kwenda hospitali yenye daktari bingwa. Baba yako alipopata habari alitoka porini akaja moja kwa moja, ananuka moshi wa kurinia, tukasafiri pamoja. Mchana wa kulazwa bingwa alikuja kitandani kwangu kueleza atakachofanya. Mimi ningefunguliwa tumbo kwa mkato mrefu, huu ambao ulipokuwa mdogo ulipenda kuupitishia kidole ukisema ni barabara ya kwenda Kigoma. Akasema uvimbe wa kulia umekula kifuko cha mayai karibu chote. Wa kushoto huenda ukabanduliwa bila kukiharibu kifuko chenyewe. Kizazi hana nia ya kukigusa. Lakini tumbo likishafunguliwa huwa linaonyesha mambo ambayo kipimo hakikuyaona, kwa hiyo alitaka kujua mapema: akikuta hali mbaya kuliko anavyotarajia, ana ruhusa ya kutoa nini, na asitoe nini?

Nikasema, "Muulizeni mume wangu."

Ndiyo adabu niliyofundishwa. Daktari akamgeukia baba yako, aliyekuwa amesimama kofia mkononi akiangalia vidole vya miguu yake. Akakohoa. Akasema, "Mimi siumwi tumbo. Muulizeni mwenye tumbo."

Bi Shamsa, ambaye wewe unamwita mama mkubwa lakini siku ile alikuwa tu mgonjwa wa kitanda cha jirani, mke wa muuza vitenge wa Kibondo mjini, alijifunika mtandio usoni asicheke. Mimi niliona aibu, kisha nikashikwa na hasira, nikidhani mume wangu amenitupia mzigo mbele za watu. Kisha nikagundua kwamba wote wananisubiri mimi: daktari, nesi, baba yako. Sikumbuki kama niliwahi kusubiriwa hivyo. Nikasema, "Kilichoharibika toeni. Kilicho hai kiacheni, hata kikiwa kidogo. Kizazi msikiguse mpaka niamke tuongee."

"Nimekuelewa, mama," daktari akasema, akayaandika maneno yangu kama nilivyoyatamka.

Kwa hiyo, Dafroza, swali lako la Jumapili jibu lake liko kinywani mwako kabla halijawa mkononi mwa daktari. Tulipokwenda Mwanza ile mara ya kwanza daktari wako alieleza vizuri, ila nilikuona: masikio yalikuwa yamejaa woga, hukusikia hata nusu. Nakurudia. Hawakusudii kukutoa kizazi. Watapitia matundu madogo, moja kwenye kitovu na mengine chini ya tumbo, wajaze hewa tumboni ili wapate nafasi ya kuona, waingize kamera na vyombo vyembamba. Nyama zile watazikata au kuzichoma, uvimbe ule waliouona kwenye kifuko chako cha kushoto wataubandua, palipogandana wataachanisha, na kipande watapeleka maabara kuthibitisha. Alisema pia kwamba wakikuta ugonjwa umeshika mahali pabaya, kwenye utumbo kwa mfano, wanaweza kulazimika kufungua tumbo kama langu, au kuacha na kupanga siku nyingine na madaktari wengine. Usipoambiwa haya kabla, ukiamka na mkato utadhani umedanganywa. Sasa umeambiwa.

Na kabla hujasaini kibali, sema kwa sauti, mbele ya nesi na baba yako akiwepo: hiki ndiyo, hiki hapana, hiki mniulize kwanza. Uliza ikitokea dharura ya damu watafanya nini. Hilo nalo lina jibu na hawatachukia kuulizwa. Ukiambiwa kitu hukukielewa, sema, "Samahani daktari, nirudie kwa Kiswahili cha nyumbani." Mtu akikushauri kwamba kutoa kizazi ndiko kumaliza kila kitu, mwambie daktari wetu alisema si lazima iwe hivyo, kwa sababu ugonjwa huu makao yake ni nje ya kizazi.

Sasa nikwambie ya kuamka, maana hapo ndipo mimi nilipojichanganya.

Nilikuwa nimejiaminisha kwamba nitalala mgonjwa niamke mzima. Nusu kaputi ilipoisha nikajikuta natetemeka kwa baridi, koo limekauka, dripu mkononi, mpira wa mkojo, na tumbo linawaka. Nikamwambia baba yako, "Hawajafanya kitu." Masikini, akatoka kwenda kumtafuta daktari ugomvi. Kumbe maumivu yale yalikuwa ya kidonda, mapya kabisa, na yana tabia tofauti. Yale ya zamani yalikuwa yakiondoka na kurudi na nguvu zake zote. Ya kidonda kila asubuhi yanaamka madogo kuliko jana. Wewe kwa upasuaji wa matundu yatakuwa mepesi kuliko yangu, ila daktari alionya kwamba bega linaweza kuuma kama uliyebeba gunia. Ni ile hewa ya tumboni inasumbua, inaisha yenyewe. Usije ukadhani wamekupasua bega.

Dawa ya maumivu iombe mapema. Usingoje mpaka ukunje uso ndipo useme.

Nesi wetu pale wodini alikuwa mama mmoja mnene, mkali. Alikuja akaniambia, "Inuka, tutembee."

"Sista, kidonda kitafumuka."

"Nimeshona mimi?"

"Hapana."

"Basi aliyeshona amesema utembee. Wewe fundi cherehani, unajua uzi. Unaogopa nini?"

Nikabisha mpaka ikawa aibu. Nilikaa kitandani kama yai, tumbo likajaa gesi, nikawa siwezi hata kulala. Bi Shamsa aliyepasuliwa siku moja na mimi alikuwa ameshafika dirishani na kurudi. Ndiye aliyekunja kanga yake ikawa kama mto mdogo akanipa. "Ibane tumboni unapokohoa, mwenzangu, na unapoinuka. Anza kwa ubavu, usiinuke kama askari." Nikainuka. Nikatembea hadi mlangoni nikishika ukuta, nikajamba mbele ya wageni wa watu, na sikuwahi kupata raha kama ile. Cheka, lakini kumbuka: ukijamba baada ya upasuaji, matumbo yamerudi kazini. Manesi wenyewe watakuuliza.

Ukisharuhusiwa utakuwa kwa mama yako mdogo huko Mwanza, yule mtoto wa baba yangu mdogo, naye nimeshamwambia ndoo za maji na kusonga ugali usiguse mpaka daktari aseme. Utajisikia mzima kabla hujawa mzima. Mimi nilipofika nyumbani nilibeba kuni nikiwa najisifu, nikajirudisha kitandani. Homa ikipanda, kidonda kikitoa usaha, tumbo likivimba na kukaza, mguu mmoja ukivimba, au damu ikitoka nyingi, hapo usinipigie mimi kwanza. Rudi hospitali, simu utapiga ukiwa njiani.

Halafu kuna kitu ambacho hakuna aliyenitayarisha nacho. Hedhi ya kwanza baada ya upasuaji iliniuma vibaya. Nililala sakafuni pale pale nilipokuwa nalala zamani, nikasema moyoni, basi, yote yale ilikuwa bure. Sikumwambia mtu. Baadaye nilipokwenda kliniki daktari akasema tumbo lilikuwa bado linapona ndani, na kwamba hedhi za mwanzo zinaweza kuwa hivyo, nisizitumie kuupima upasuaji. Miezi iliyofuata ikalegea, mmoja baada ya mwingine.

Alinipa na vidonge vya homoni vya kuutuliza ugonjwa usirudi haraka, na hapo nikaharibu. Jirani mmoja wa Kumsenga alinitisha kwamba vidonge vile vinakausha kizazi, nikavitupa chooni, tena kwa kujiamini. Maumivu yakaanza kurudi kidogo kidogo. Nilirudi kliniki nikiwa najiandaa kufokewa, na daktari hakunifokea. Aliniuliza tu kama nataka mtoto sasa au baadaye. Nilipojibu sasa, akasema basi hata mpango wa dawa ungebadilika, vile vidonge si vya mtu anayetafuta mimba, na kwamba ningeuliza ningejua. Ndivyo ulivyo ugonjwa huu, mwanangu. Upasuaji unaukata, unakupa nafasi, kwa wengine nafasi ndefu sana, lakini unaweza kuchipua tena. Usije ukaona aibu ukirudi kliniki. Hutakuwa umeshindwa.

Wewe ulikuja baada ya hapo, kutoka kwenye kifuko kimoja kilichobaki, wakati shangazi zako walikuwa wameshaanza kumtajia baba yako majina ya wasichana. Sikwambii hivi ili ukahesabu kwamba na wewe utazaa. Bi Shamsa tulipasuliwa siku moja, kwa mikono ile ile, na mtoto hakupata. Aliumia kwa hilo, nilikuwa naye alipoumia. Lakini maumivu ya tumbo yalimwacha, akasimama, leo duka lile la vitenge ni la kwake na wasichana anaowaajiri wanamwita mama kwa haki kabisa. Juzi nilimwambia unakwenda kupasuliwa. Akasema, "Mwambie mimi nilikwenda kutafuta mtoto nikarudi na mgongo ulionyooka. Si haba." Upasuaji hautoi ahadi ya mtoto. Unaweza kuongeza nafasi, na daktari wako atakwambia zako zikoje. Kijana wako wa Nyabibuye akikuuliza, mweleze hivyo hivyo, bila kupunguza na bila kujitetea. Atakachofanya baada ya kusikia kitakusaidia kumjua.

Ulipokuwa kidato cha pili wakanipigia simu kutoka shuleni kwamba umezimia bafuni, nilijua kabla sijafika. Nilimkuta matroni ofisini, wewe umelala kwenye benchi, midomo myeupe.

"Mama Dafroza, wasichana wote wanaumwa," akaniambia. "Wengine wanajiendekeza tu."

"Wote wanatapika?"

"Aa, wapo."

"Dafroza akijiendekeza namjua," nikamwambia. "Anaomba soda. Leo ameomba soda?"

Tukaondoka mimi na wewe kwenda hospitali, na tangu siku ile hujawahi kusikia nikikwambia uvumilie. Ulipata dawa mapema kuliko mimi. Zilikushika mpaka ukamaliza shule, na sasa zimezidiwa, ndiyo maana unakwenda. Unakwenda ukiwa msichana mwenye nguvu, ugonjwa umejulikana, daktari anajulikana, na wewe mwenyewe unajua kuuliza. Mimi nilikwenda nikiwa sijui hata mlango wa kuingilia. Ndiyo maana leo sina wasiwasi kama ulivyodhani. Nina ule wa mama yeyote, basi.

Ningekuja mwenyewe, lakini bibi yako na ile nyonga yake hawezi kuachwa, na unajua amekataa kuogeshwa na mtu mwingine. Mchana huu nilipokuwa namkanda miguu aliniuliza unakwenda kufanywa nini hasa. Nikamweleza yote, kamera, matundu, nyama zinazoota pasipo pake. Alifumba macho, nikadhani amesinzia.

Akasema, "Nanje."

Na mimi. Nikamwambia, "Na wewe nini, mama?"

Ndipo akaniambia jambo ambalo kwa umri huu sikuwahi kulisikia. Kabla ya baba yangu aliwahi kuolewa kwingine, na akarudishwa kwao. Kila mwezi alikuwa akilala shambani, mama mkwe akasema hawakulipa mahari ya mwanamke wa kulala. Baba yangu alimwoa akiwa mtu mzima, hakujali. Nikazaliwa mimi, basi, hakuna mwingine. "Hawakuniambia ni ugonjwa," akasema. "Waliniambia ni tabia yangu. Nami nikaamini ni tabia yangu."

Niliacha kumkanda.

"Sasa hicho wanachokwenda kumtoa mjukuu wangu, kina jina?"

"Kina jina."

"Litaje."

Nikalitaja. Akajaribu, likamshinda, akajaribu tena, likatoka nusu. Akaanza kucheka, na meno yake yale mawili. "Refu hivyo! Ndiyo maana hakuna aliyelijua." Tukacheka wote mpaka baba yako akaja kuchungulia. Kesho kabla hujaondoka ingia chumbani kwake, ukae kidogo kitandani. Atakachokwambia sikijui, ila nimeona amejiandaa.

Kuhusu baba yako. Hajui kuongea mambo ya wanawake na hatajua. Atakaa nje ya wodi na kofia yake, atakuuliza umekula nini, ndivyo anavyouliza kila kitu. Usimfukuze ukiona anakuaibisha. Wakija madaktari, mwite aingie asimame pale. Utasema mwenyewe, naye atakuwa shahidi kwamba umesema.

Ukishapona unaingia chuo huko huko, na najua maana yake. Hapa utakuwa unakuja kusalimia. Nimelifikiria hilo na nimelikubali. Sitaki uje uniuguze wala ujinyime mambo kwa sababu yangu. Soma, ajiriwa, gombana na watu, penda.

Na hili la mwisho. Tulikuwa tumeshahamia hapa Kasulu, nimepata kibanda cha kushonea karibu na soko. Siku moja nilikuwa nakata sare za shule, nimebanwa na kazi, wazazi wamejaa mlangoni. Nikaenda uani, nikaona damu. Nikasimama pale nashangaa. Hedhi ilikuwa imefika bila kunipiga, bila kunitapisha. Ilikuwa imekuja tu, kama inavyowajia wengine, na mimi nilikuwa nakata kitambaa. Nikaanza kucheka peke yangu uani. Mteja mmoja akaniita kwa woga, "Fundi, kuna nini huko?" Nikamwambia hakuna kitu. Na kweli hakukuwa na kitu.

Sijui kwako siku hiyo itakuja mwezi gani. Huenda ikachelewa, huenda ukahitaji dawa na kliniki nyingi kabla yake. Ikija, itakukuta darasani au sokoni, unawaza mambo mengine kabisa. Hapo ndipo unipigie. Hata kama niko kanisani na padri amesimama, nitapokea.

Mama yako